Umdhaniaye Ndiye

Kuna kipepeo ambaye karibu kila mtu aliyekulia Afrika Mashariki amewahi kumwona, hata kama hakumtazama mara mbili. Mabawa yake yana rangi ya chungwa. Ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi, na katikati ya weusi huo umepita mstari wa madoa meupe. Huruka polepole, chini chini, kama mtu anayetembea mtaani kwao jioni. Jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na utomvu huo una sumu inayoweza kubaki mwilini hata baada ya kiwavi kugeuka kipepeo. Ndege aliyemwonja mara moja hujifunza kumwacha. Hana sababu ya kukimbia.

Kuna na mwingine. Jike la Hypolimnas misippus lina rangi ileile ya chungwa, ncha zilezile nyeusi, madoa yaleyale meupe na mwendo uleule wa taratibu. Lakini halina sumu ya kulilinda. Linaishi kwa kufananishwa. Na ajabu ni kwamba dume la spishi hiyohiyo halifanani na jike lake hata kidogo: ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yanayozungukwa na mng'ao wa zambarau. Ukiwakuta wawili hao kwenye kichaka kimoja hutadhani ni ndugu, sembuse mume na mke.

Umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Wahenga walikuwa wakisema juu ya watu, lakini methali hii ingetosha kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote cha vipepeo.

Kuwatofautisha wawili hawa si kazi ya kitaalamu. Unatazama bawa la nyuma. Danaus chrysippus ana madoa meusi matatu katikati ya bawa hilo, na dume huwa na la nne. Jike la misippus lina doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Picha yako ikilionyesha bawa la nyuma vizuri, umemaliza. Jani likilifunika, au kipepeo akiinuka sekunde ileile uliyobonyeza, unabaki na picha ya kitu cha rangi ya chungwa.

Sasa tuseme jani limelifunika. Tuseme naandika chini ya picha, bila kusita, Danaus chrysippus. Na tuseme kwamba kweli alikuwa ni yeye. Je, nimefanya vibaya?

Wengi tutajibu haraka kwamba hapana. Nimepatia. Mtihani wa kuchagua jibu haumuulizi mwanafunzi amepatiaje. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya falsafa hapa Mlimani, na nilianza kupiga picha za vipepeo kwa simu ili kupumzisha kichwa kati ya sura moja na nyingine. Sikutarajia kwamba mapumziko yenyewe yangenirudisha darasani. Lakini kila wiki swali hili huja, na kila linapokuja naliona limeongezeka uzito.

Anayeanza hujifunza kwanza namna ya kusogea, kabla ya majina. Hujifunza kwamba asubuhi kipepeo hukaa mabawa wazi akiota jua, kwa sababu bila joto hawezi kuruka vizuri, na kwamba saa hiyo ndiyo ya kumkaribia. Hujifunza kuangalia kivuli chake mwenyewe, maana kikimpita kipepeo tu, ameondoka. Baada ya mvua hujifunza kutafuta matope, kwa kuwa vipepeo, hasa madume, hukusanyika hapo kufyonza chumvi, na wakishaanza unaweza kupiga magoti jirani nao. Hujifunza kupiga picha ya kwanza akiwa mbali, hata kama ni mbaya, kisha asogee. Na hujifunza, kwa taabu kidogo, kwamba upande wa chini wa bawa una habari nyingi kuliko wa juu. Wale wadogo wa bluu wa familia ya Lycaenidae, juu wanaweza kuwa kama pacha. Chini kila mmoja ana mistari na nukta zake.

Yote haya ni mafunzo ya kupata ushahidi. Jina ni hatua inayofuata, na hapo ndipo palipo na jaribu. Jina ni tamu. Ukishalipata, picha inaacha kuwa picha ya mdudu na inakuwa picha ya fulani. Unajisikia kama uliyemfahamu mtu. Basi mkono unakimbilia jina kabla jicho halijamaliza kazi yake.

Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza, William Clifford, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Ndani yake kuna mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, na imejaa abiria wanaohamia nchi ya mbali. Ana wasiwasi nayo, lakini anajituliza: imekwenda safari nyingi, imerudi zote. Anaufukuza wasiwasi mpaka anaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni salama. Inazama. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na hapo wengi tunakubali. Kisha anaongeza jambo gumu: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Kosa halikuwa kuzama kwa meli. Kosa lilikuwa kuamini jambo ambalo hakuwa na haki ya kuliamini kwa ushahidi aliokuwa nao.

Niliposoma insha hiyo mara ya kwanza niliona Clifford amezidisha. Abiria wamefika, wamekula, wamelala. Hatia ya nini? Kilichonifanya nimrudie ni jambo la nyumbani.

Nilipokuwa darasa la pili, mama mdogo alianza kupata homa za jioni. Kwenye zahanati aliambiwa ni malaria, akapewa dawa. Homa ikatulia, kisha ikarudi. Akaambiwa malaria imerudi. Mara ya tatu ikaitwa malaria sugu. Hakuna aliyemdanganya. Kwetu homa nyingi zilikuwa kweli malaria, na aliyeandika neno hilo kwenye daftari lake huenda alikuwa amepatia kwa wagonjwa wengi waliotangulia siku hiyohiyo. Lakini kila neno hilo lilipoandikwa, utafutaji ulisimama. Hakuna aliyeuliza habari za kikohozi, wala za nguo zilizoanza kumpwaya. Miezi miwili baadaye, katika hospitali nyingine, muuguzi mmoja alimpa kikopo akamwomba makohozi. Ilikuwa kifua kikuu. Alitibiwa akapona, na leo ananiuliza kwa utani kama shahada yangu ya uzamili ni ya vipepeo.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Lugha yake ni ya kitabibu, lakini ndani yake mna amri ya kimaadili ambayo Clifford angeitambua: usitoe jina kabla ya kulitazama bawa la nyuma.

Nadhani hili ndilo jibu la swali langu. Madhara ya jina lililotolewa mapema si kwamba linaweza kuwa la uongo. Madhara yake ni kwamba linafunga mlango. Jina huambia kila anayekuja nyuma yako kwamba kazi imekwisha, hapa pamekwisha kutazamwa. Likiwa la kweli kwa bahati, bado umesema pametazamwa mahali ambapo hapakutazamwa. Hapo ndipo penye udanganyifu, hata kama kipepeo mwenyewe ni yuleyule uliyemtaja.

Siku hizi jina la kipepeo halibaki kwenye simu ya mtu. Wengi wetu tunaoanza tunatumia iNaturalist, programu iliyozaliwa mwaka 2008 kama kazi ya kumalizia masomo ya wanafunzi wa uzamili wa Berkeley, Marekani. Unapandisha picha, tarehe na mahali. Kompyuta inakupendekezea jina. Watu wengine wanakubali au wanakataa, na wakiwa wawili au zaidi, na zaidi ya theluthi mbili wamekubaliana, picha yako hupanda daraja na kuhesabiwa kuwa inafaa kwa utafiti. Kutoka hapo inaweza kuingia GBIF, hazina ya kumbukumbu za viumbe za dunia nzima yenye makao Copenhagen. Inakuwa nukta kwenye ramani. Mtu ambaye hamtaonana kamwe ataitumia nukta hiyo kusema spishi fulani inaishi wapi, na labda wapi haiishi tena.

Nukta haisemi kwamba palikuwa na jani. Wala haisemi kwamba mtu wa pili alikubali kwa sababu alimwamini wa kwanza, na wa kwanza alikubali kwa sababu aliiamini kompyuta. Katika nchi yenye watazamaji maelfu, nukta moja mbovu huzama katikati ya nzuri. Katika wilaya ambayo hakuna aliyewahi kupandisha hata picha moja, nukta moja ndiyo ramani nzima. Sisi tunaopiga picha huku tunaandika kwenye karatasi karibu tupu, na kila wino unaonekana kutoka mbali.

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo ya wanagenzi, kwamba wataalamu wana ushahidi wa kutosha. Historia ya Papilio dardanus inapunguza imani hiyo. Dume lake ni la manjano hafifu na nyeusi, lenye mikia kwenye mabawa ya nyuma. Majike yake, katika sehemu kubwa ya bara la Afrika, hayana mikia na hayana sura moja: mengine yanaiga kipepeo huyu mwenye sumu, mengine yule. Wataalamu wa Ulaya walioletewa vielelezo vilivyokaushwa waliwapa majike hao majina ya spishi mbalimbali, kila sura na jina lake. Katika miaka ya 1860 Roland Trimen, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, alitoa hoja kwamba wote hao ni spishi moja. Wapo waliombeza. Lakini mayai ya mama mmoja yalipofugwa, yalitoa watoto wa sura tofauti, na kicheko kikaisha.

Au mchukue Precis octavia. Anayezaliwa majira ya mvua ni wa rangi ya chungwa yenye wekundu, na anayezaliwa kiangazi ni wa bluu. Sura hizo mbili zilikuwa na majina mawili, octavia na sesamus, mpaka zilipofugwa na mama wa rangi moja akazaa watoto wa rangi nyingine. Waliotoa majina yale hawakuwa wazembe. Walikuwa na vipepeo mkononi, si picha ya simu. Walichokosa ni mvua na kiangazi, yaani muda wa kukaa mahali kipepeo anapoishi. Na kilichowasahihisha ni kwamba mtu fulani alikataa kuuchukulia mlango kuwa umefungwa.

Kuna pingamizi ambalo silipuuzi. Mwaka 1896 Mmarekani William James alimjibu Clifford kwamba anayeogopa kukosea kuliko anavyotamani ukweli ataukosa ukweli wenyewe. Kuna mambo hayajulikani mpaka kwanza uthubutu kuyaamini. Nikiligeuzia hoja hiyo kwenye vipepeo, nasikia sauti ya kila mwalimu mzuri niliyewahi kuwa naye: jaribu. Mwanafunzi asiyebahatisha hajifunzi. Nikingoja uhakika, simu yangu itajaa picha zisizo na majina, na sitajua hata ni wapi pa kuanzia kutazama. Dhana ndiyo inayoniambia nitafute madoa ya bawa la nyuma.

Nakubaliana na James kuhusu kudhani. Sikubaliani naye kama kudhani kutachukuliwa kuwa sawa na kutangaza. Methali yetu haimkatazi mtu kudhani. Inamwonya anayesahau kwamba anadhani. Na Kiswahili hakikututupa hapa. Kina nadhani, huenda, yaelekea, pengine, sina hakika. Maneno haya tunayaona kama ya woga, na katika mijadala yetu anayeyatumia huonekana amekwisha kushindwa. Mimi naanza kuyaona kama vipimo. Mwenye mizani anayesema kilo moja na robo hamzidi ujasiri wala hamzidi woga yule anayesema kilo mbili. Amepima tu.

Hata mpangilio wa majina ya kisayansi unaruhusu upimaji huo. Una ngazi: spishi, juu yake jenasi, juu yake familia. Ukishindwa ngazi ya chini unaweza kusimama ya juu ukawa umesema kweli yote uliyo nayo. Kwa ile picha yenye jani, siwezi kusema Danaus, kwa kuwa yule mwigaji si wa jenasi hiyo. Lakini wote wawili ni wa familia moja, Nymphalidae. Hilo naweza kuliandika na kulitetea mbele ya yeyote. Ni jina pana, halina utamu, halinipi raha ya kumfahamu fulani. Lakini linauacha mlango wazi hasa pale ambapo kazi haijaisha, na anayekuja na macho mazuri kuliko yangu ataona kwamba amebakiziwa nafasi.

Tena kuna vipepeo ambao picha haitawafikisha kwenye spishi hata ikiwa safi namna gani. Baadhi ya Charaxes weusi, na wengi kati ya wale wadogo wa Lycaenidae, hutambuliwa kwa uhakika kwa kupasuliwa na kutazamwa viungo vyao vya uzazi. Anayechagua kamera badala ya wavu na chupa ya kuulia anachagua pia kwamba kuna majina hatayapata. Nimeamua kuilipa bei hiyo. Ninachokataa ni kutaka yote mawili: kumwacha kipepeo aende zake, kisha niandike kana kwamba nilimpasua.

Wapo watu ambao hawana nafasi ya kujidanganya katika jambo hili. Jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo wa Gede ulianza mwaka 1993. Katika vijiji vya Amani, milima ya Usambara Mashariki, ulikuja mradi kama huo miaka ya 2000. Wanavijiji hufuga viwavi na kuuza pupa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo, biashara ambayo kwa Amani ilipigwa sana pale Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Mfugaji wa viwavi lazima ajue nani anakula nini. Wa Papilio demodocus atakula majani ya michungwa na milimau. Mwingine anataka mti wake mmoja wa msituni na hagusi kingine. Ukimtambua kiwavi vibaya hutapata nukta mbovu kwenye ramani ya mtu wa mbali. Kesho utakuta kiwavi amekufa kwenye kizimba chako. Mfugaji huyo anaweza asijue neno hata moja la Kilatini, lakini kila jina analolitumia kiwavi mwenyewe amelikubali kwa kula.

Sisi wasomi mara nyingi hatuna kiwavi wa kutuumbua. Tunatoa majina, watu wanaondoka nayo, na madhara yanatokea mahali tusipopaona. Nyumbani mtu akishafika chuo kikuu anageuzwa kamusi. Anaulizwa sababu ya mafua ya kuku, maana ya barua ya benki, aina ya mdudu aliye kwenye mlimau. Anaulizwa kwa heshima, na heshima ile inamsukuma kujibu. Kusema sijui kunaonekana kama kuwarudishia watu ada waliyochangishana. Ndiyo maana jibu la haraka hutoka, lenye sauti nzito, na aliyeuliza anaondoka ametosheka, na mlango umefungwa.

Wajibu tulio nao kwao, kwa maoni yangu, ni mgumu kidogo kuliko kupatia. Ni kuwaambia tunajua hadi wapi, na kutoka hapo ni nini cha kutazama. Binamu yangu wa miaka tisa ameshalizoea jibu hilo. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kipepeo wa rangi ya chungwa, mabawa yamefumbwa nusu, akaandika: "Dada, huyu ni yupi kati ya wale wawili?" Nikamjibu kwamba kwa picha hii hata mimi sijui, na kwamba akirudi tena atazame bawa la nyuma ahesabu madoa. Hajanijibu bado. Mama yake anasema tangu jana amekuwa akishinda uani.